Carina inachemsha Nyang'oro, mjini haina shida: nifungue hedi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nina Carina Ti, injini 5A, otomatiki. Mjini linatembea vizuri, hata nikikaa foleni na AC nimewasha mshale hautoki katikati. Lakini kila nikienda Iringa kwa wazazi, nikishavuka Mtera na kuanza kupanda mlima wa Nyang'oro, mshale unapanda mpaka karibu na nyekundu. Nikisimama dakika kumi unashuka. Fundi wa kwanza alitoa themostati, akasema kwa joto la huku haina kazi. Haikusaidia, naona kama imezidi. Halafu kila Jumamosi asubuhi naongeza maji kwenye rejeta kama nusu lita, ila kile kichupa cha pembeni kimejaa mpaka shingoni. Fundi wa pili anasema gasketi ya hedi imeungua, niandae hela afungue injini. Nifungue?

Marahaba, mwalimu. Usifungue kwanza.

Sisemi fundi wako wa pili amekosea. Inawezekana gasketi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini), kweli imekwenda. Ila hajakuonyesha alichokiona mpaka akafika huko, na kwenye maelezo yako kuna mambo mawili yanayonipeleka kwingine kabla sijagusa bolti hata moja ya hedi. La kwanza, gari linachemsha likipanda tu. La pili, na hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu, kichupa kimejaa wakati rejeta imepungukiwa.

Mteja akija na gari linalochemsha, simuulizi limebadilishwa nini. Namuuliza linachemsha lini. Likichemsha limesimama au kwenye foleni, halafu likishika barabara linapoa, hapo upepo ndio haupo: feni, relei, fyuzi, au swichi ya joto. Likitulia mjini halafu likachemsha kwenye mlima au kwenye mwendo mrefu, upepo upo ila maji hayapoi inavyotakiwa, au hayazunguki inavyotakiwa, au mfumo hauwezi kubana presha. Wewe umekaa foleni na AC imewashwa na mshale haukutikisika. Feni zako nzima, tuziache.

Sasa fikiria unachoidai hiyo injini. Pale bwawa la Mtera uko chini, kama mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Sehemu kubwa ya mwinuko huo unaimaliza kwenye zile kona za Nyang'oro, mguu uko chini kwenye mafuta, gari linakwenda polepole, jua la saa saba liko juu ya boneti. Mjini injini yako inatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na rejeta iliyoziba nusu inaweza kuimudu bila wewe kujua. Mlimani inaumbuka.

Tuanze na mfuniko wa rejeta, kwa sababu ndio unaohusika moja kwa moja na kichupa chako.

Wengi wanadhani mfuniko ni kizibo tu. Ni vali mbili ndani ya kitu kimoja. Ile springi kubwa inazuia maji yasitoke mpaka presha ifike kiasi kilichoandikwa juu ya mfuniko, kwa Toyota nyingi ndogo ni 0.9 au 1.1 (kilo kwa sentimita ya mraba). Presha hiyo ndiyo inayoyazuia maji yasichemke. Maji ya wazi yanachemka nyuzi 100 ukiwa Dar. Hapa Dodoma, mita 1,100 na kitu, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiyabana kwa mfuniko mzima wa 0.9, hata hapa kwetu hayachemki mpaka yapite nyuzi 110 na zaidi. Sasa themostati, ile vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, inaanza kufunguka kwenye 80 na kitu, feni inawaka kwenye 90 na kitu. Mfuniko ukiwa umekufa, kati ya feni kuwaka na maji kuchemka unabakiwa na nyuzi chache mno. Mlima mmoja unazimaliza.

Vali ya pili ni ndogo, iko katikati, na kazi yake ni kinyume. Injini ikipata moto maji yanavimba, yanayozidi yanasukumwa kwenda kwenye kichupa. Usiku injini ikipoa maji yanasinyaa, rejeta inavuta, ile vali ndogo inafunguka na maji yanarudi kutoka kwenye kichupa. Vali hiyo ikiganda, maji yanakwenda hayarudi. Asubuhi unakuta kichupa kimejaa na rejeta imepungua, kisha wewe unaongeza nusu lita, na wiki inayofuata nusu lita hiyo nayo inahamia kwenye kichupa, inamwagika chini kwa mpira wa ziada. Jumamosi unaongeza tena. Ndicho ulichoniandikia.

Kwa hiyo kesho asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko uugeuze. Nasema baridi kabisa kwa sababu mkono wangu wa kulia una baka kuanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko, nililipata nikiwa na haraka ya kumridhisha mteja. Utaona mpira mpana wa mviringo. Uwe laini, bila ufa, bila alama ya kina ya mdomo wa rejeta. Katikati kuna kisahani kidogo cha bati. Kivute kwa ukucha. Kinatakiwa kiachie kidogo kisha kirudi chenyewe. Kwa magari ya hapa Dodoma mara nyingi nakuta kisahani kimeshikwa na ukoko mweupe, uleule ulioko ndani ya birika lako la chai. Kikiwa kimeganda, au mpira umekuwa mgumu kama soli, umepata mshtakiwa wa kwanza. Nunua mwingine wenye namba ileile. Usidanganywe ununue wa presha kubwa zaidi "ili gari lisichemke". Rejeta yako ina vichwa vya plastiki vya miaka zaidi ya ishirini, utavipasua. Angalia pia ule mpira mwembamba unaokwenda kwenye kichupa. Ukiwa na tundu, au ukiwa haufiki chini ya maji ndani ya kichupa, rejeta itavuta hewa badala ya maji, na mfuniko mpya hautakusaidia.

Hapa lazima nimtendee haki fundi wako wa pili, kwa sababu gasketi iliyoungua nayo inajaza kichupa. Moto wa ndani ya silinda unapenya kwenye njia za maji, unasukuma maji nje. Ndiyo maana kichupa kujaa peke yake si ushahidi. Lakini kuna namna ya kuzitofautisha bila kufungua kitu, na hazihitaji mashine.

Asubuhi kabla hujawasha, bana kwa mkono ule mpira mnene wa juu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Uwe laini. Funga mfuniko, washa, subiri dakika moja mpaka mbili, ubane tena. Maji bado ni ya baridi, hayajavimba, kwa hiyo mpira hauna sababu ya kukaza. Ukiukuta umekaza kama mpira uliojazwa upepo, kuna kitu kinausukuma na si joto. Hapo gasketi inaingia kwenye orodha. Kisha zima, acha ipoe, fungua mfuniko, jaza maji mpaka mdomoni, mtu awashe huku wewe unatazama. Mapovu machache ya mwanzo ni upepo ulionasa, yataisha. Yakiendelea kutoka mfululizo kama soda iliyofunguliwa, na yakizidi mtu akikanyaga mafuta, hilo ni tatizo la kweli. Gereji nyingine zina kipimo chenye kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Kikigeuka njano, moshi wa injini umo ndani ya maji. Kama kipo karibu nawe, kitumie, kinamaliza ubishi.

Kuhusu oili kuwa kama maziwa chini ya kizibo cha oili: tahadhari. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Dodoma ni za baridi, na gari linalotoka Nkuhungu kwenda shuleni na kurudi halipati muda wa kupata moto vizuri. Ukungu kidogo chini ya kizibo unaweza kuwa jasho tu. Chomoa dipstiki. Oili yenyewe ikiwa safi, usiogope ukungu wa kizibo. Moshi mweupe wa asubuhi nao ni hivyo hivyo. Ule wa kuhofia ni unaoendelea hata gari likishapata moto, huku maji yanapungua.

Mwaka wangu wa pili kazini nilifungua hedi ya Noah ya mzee mmoja wa Chamwino. Ilikuwa inachemsha, kichupa kinajaa, nikajua, maana kijana wa miaka miwili kazini anajua kila kitu. Siku nne tulihangaika nayo, hedi ikaenda kwa fundi wa mashine, gasketi mpya, kila kitu. Mzee akaelekea Kondoa, ikachemsha kabla hajafika. Aliporudi, mwenzangu alichukua mfuniko wa rejeta kwenye gari lililokuwa limeegeshwa pembeni, akaufunga pale, tukaizungusha Noah mji mzima na AC imewashwa. Kimya. Mzee hakunigombeza. Aliuliza ile gasketi ya zamani iko wapi. Nikamletea. Akaigeuzageuza mkononi, akapitisha kidole kwenye kila pete, akasema, "Hii mbona nzima?" Sikuwa na jibu, na nusu ya hela yake nilimrudishia kwa miezi mitatu.

Sasa themostati. Rudisha. Kwenye hili sina upole. Kuna imani kubwa sana gerejini kwamba themostati ni kitu cha nchi za baridi. Injini yako ina njia ya mkato ambayo maji huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta wakati injini ni ya baridi. Themostati ikifunguka, mkia wake unaiziba njia hiyo ili maji yote yapite kwenye rejeta. Fundi akiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Mjini huoni tofauti, tena mshale unaweza hata kukaa chini kidogo, ukasifu kazi. Mlimani, pale unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, ndipo unapolipa. Uliposema "naona kama imezidi" hukukosea.

Ukinunua mpya, ipime kabla haijafungwa. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Inatakiwa ianze kufunguka muda mrefu kabla maji hayajatokota, na ukiitoa ijifunge. Ikisubiri mpaka maji yatokote, irudishe dukani. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae upande wa juu ili upepo upate pa kutokea.

Tuje kwenye rejeta, na hapa nataka kujua umekuwa ukiongeza maji gani. Nadhani najua. Ya bomba.

Maji yetu mengi yanatoka visima vya Makutupora, na kila mwenye birika Dodoma anajua yana nini ndani. Nusu lita kila Jumamosi kwa mwaka ni lita 26. Kwenye mfumo unaobeba lita sita hivi, umeyabadilisha maji mara nne na zaidi, na kila mara sehemu ya madini inabaki ndani wakati maji yanaondoka. Ukoko ule unakaa kwenye vijibomba vya rejeta, ambavyo ni vyembamba sana, na kwenye kuta za hedi ambako joto ni kali zaidi. Ukoko haupitishi joto vizuri. Kwa hiyo hata maji yakizunguka, hayalichukui joto lote pale na hayaliachii lote huku.

Kuijua rejeta iliyoziba ndani ni rahisi. Endesha mpaka injini ipate moto, zima, chomoa waya wa betri ili feni isikushtukize, kisha pitisha kiganja karibu na wavu wa rejeta kutoka kushoto kwenda kulia. Joto linatakiwa lipungue taratibu ukishuka kutoka juu kwenda chini, lakini kwa upana liwe sawa. Ukikuta kipande cha baridi katikati ya sehemu za moto, vijibomba vya pale vimeziba.

Usisahau nje. Kati ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, iko mbele yake) na rejeta kuna nafasi ndogo ambayo hakuna anayeiosha. Nimewahi kuitoa rejeta ya gari la mfanyabiashara wa alizeti nikakuta pale katikati tandiko la maganda, nyasi, mabawa ya kumbikumbi na vumbi jekundu, vimeshikamana kama tofali la udongo. Oshea kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya presha ndogo. Ile mashine ya kuoshea magari ukiielekeza karibu inalaza mapezi yote na unakuwa umeziba ulichotaka kuzibua.

Ukoko wa ndani ukiwa mwepesi, asidi ya ndimu iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ikazungushwa injini ikiwa inanguruma, kisha kusuuzwa mara tatu au nne, inasaidia. Asidi ya betri usiikubali hata ukiambiwa ndiyo dawa. Inatafuna aluminiamu, na hedi yako ni aluminiamu. Rejeta za zamani za shaba mafundi walikuwa wanabandua vichwa na kuchokoa vijibomba kimoja kimoja. Ya kwako ikiwa ya aluminiamu na plastiki, kuichokoa mara nyingi ni kujitafutia mvujo mpya. Ikiwa imeziba sana, nunua nyingine. Lako ni otomatiki, kwa hiyo hakikisha rejeta mpya ina vile viungio viwili vya kupoozea oili ya gia. Kuna watu wameuziwa ya manyuo (gia za mkono), wakaziba mabomba ya gia, wakaua gia boksi kwa sababu ya injini iliyopona.

Baada ya hapo weka kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, ile iliyokwisha kuchanganywa, au ya kukoleza uichanganye na maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri (maji, siyo asidi). Wengi wanasema kulanti ni ya kuzuia barafu. Sisi barafu hatuna, ila kutu na ukoko tunavyo, na bloku ya 5A ni ya chuma. Kuchemsha maji ya bomba nyumbani hakuyafanyi yafae. Unapunguza madini kidogo tu, mengine yanabaki. Ukikwama njiani, weka yoyote ufike, halafu ukifika uyamwage.

Mvujo wa kweli nao uutafute, huenda upo pamoja na hayo yote. Chumvi ya maji yetu ina faida moja: inaandika. Popote maji yanapotoka yanaacha mchirizi mweupe kama chokaa. Tazama chini ya puli ya pampu ya maji, pale penye kitundu kidogo. Mchirizi pale maana yake sili ya pampu imekwisha. Tazama mishono ya vichwa vya rejeta na mipira ya hita kule nyuma karibu na ukuta wa dashibodi. Ukiwa hapohapo, bonyeza mkanda unaozungusha pampu. Ukilegea unateleza injini inapokazana, na pampu inazunguka pungufu wakati inapohitajika zaidi.

Ukishamaliza mfuniko, themostati na usafi, safari ya kwanza ya Iringa ipange asubuhi. Unapoanza kupanda zima AC, toa overdraivu (ile gia ya juu kabisa), shusha gia kwenye 2 inapobidi. Madereva wengi wanaona injini ikinguruma wanadhani wanaiumiza. Pampu inazunguka kwa kasi ya injini, kwa hiyo mizunguko mingi na mguu mwepesi kwenye mafuta ni afadhali kuliko gia kubwa na mguu chini. Mshale ukianza kupanda, fungua hita mpaka mwisho na vioo vyote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Ukiendelea kupanda, tafuta pa kusimama penye usalama, siyo kwenye kona, na kama hakuna mvuke unaotoka iache injini ingurume feni ikifanya kazi. Usimwagie injini maji ya baridi. Hivyo ndivyo hedi zinavyopinda.

Na kama jaribio la mpira wa juu na la mapovu yote yatasema gasketi, basi fungua, lakini kwa masharti. Hedi iwekewe rula ya chuma iliyonyooka mbele ya macho yako, ipimwe kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia upenyo. Kwa injini hii mpindo unaoruhusiwa ni milimita 0.05 tu, huwezi kuuona kwa jicho. Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Gasketi ya zamani uombe uondoke nayo, na uipitishe kidole kwenye kila pete.